Kiu Aliyoificha Mama Mkwe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo miaka haijaifuta kichwani mwangu, na sidhani kama Mungu anataka ifutike. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, jua limeshapanda juu ya mapaa ya jirani. Kutoka chumba cha nyuma nilimsikia mke wangu akisema, "Mama, nishike bega. Haya, simama." Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Mama, simama basi." Mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na miguu yake ilikuwa imegoma kumwinua.

Mimi nilisimama nje ya mlango, mikono mitupu. Sikuingia. Kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe wake, hata kama nyumba ni ya kwake, aliyoijenga kwa matofali aliyoyafyatua mwenyewe. Basi nikabaki pale nikisikiliza, na nikafanya jambo nililolijua kuliko mengine yote: nikaomba. Maombi yale yalikuwa ya kweli, mwanangu. Hata hivyo nilikuwa nimekosea, tena nilikuwa nimekosea kwa miezi mitatu kabla ya asubuhi ile. Kosa hilo ndilo ninalotaka kukusimulia.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwinjilisti mpya katika usharika mdogo pembezoni mwa Ikungi. Mke wangu Raheli ni binti wa Iguguno, Mnyiramba. Mimi ni Mnyaturu. Tulikuwa na mtoto mmoja, Neema, bado ananyonya. Mvua za mwaka ule zilikuwa nzito, na nyumba ya mama mkwe kule Iguguno, tembe ya zamani yenye paa la udongo, ikabomoka upande mmoja. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufariki. Shemeji zangu wawili wakaja kuniambia, "Shemeji, kaa na mama mpaka tuvune, tutamjengea nyumba ya bati." Nikakubali kwa moyo mweupe.

Mama alipofika kwetu alikuwa amepita miaka sitini, mwembamba, mkakamavu. Alishuka kwenye basi na furushi la viazi vitamu kichwani na kuku kwapani, akatembea kutoka barabarani mpaka nyumbani bila kupumzika. Wiki ile ile akashika jembe akapalilia kipande cha mtama kilichokuwa kimemshinda binti yake. Raheli alilalamika, "Mama ananiaibisha. Majirani watasema nimemleta mama yangu awe kibarua." Nami nilicheka, nikajiona mtu mwenye bahati.

Wewe umekulia mahali ambapo mama mkwe na mkwe wake wanakaa kochi moja wakitazama televisheni, kwa hiyo nivumilie kidogo nikueleze heshima ya ukwe ilivyokuwa kwetu. Mama mkwe hakuweza kula mbele yangu. Nilipoingia uani, yeye aligeuka pembeni au akaingia jikoni. Nilimsalimu kwa mbali, "Shikamoo mama," naye akaitikia akiwa ametazama chini. Akiwa na neno la kuniambia, alimwambia Raheli, na Raheli akaniambia mimi, hata kama sote watatu tulikuwa tunasikiana. Sisemi hayo kwa kuyadharau. Heshima ile ilitunza nyumba nyingi, na mimi mwenyewe niliipenda. Labda niliipenda kupita kiasi, kwa sababu ilinifanya nijione mkubwa.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mwamba. Unajua Singida yetu ilivyo. Mtu anaanza kuchimba msingi, akifika magotini anakutana na jiwe. Kwa hiyo choo nilikuwa nimekichimba mbele, kwenye kona ya ua wa minyaa, mahali pekee ambapo jembe halikukataa. Na baraza langu lilikuwa mbele vilevile. Hapo ndipo nilipoketi na vitabu vyangu vya mafunzo, asubuhi nikiandaa mahubiri, mchana nikipokea watu, jioni nikisoma mpaka mwanga uishe. Mtu hakuweza kutoka jikoni kwenda chooni bila kupita hatua nne kutoka magotini pangu.

Nilikuwa sijaliona hilo. Naapa mbele za Mungu sikuliona. Nilichokiona ni kwamba tangu mama afike sikuwahi kumwona akipita pale hata mara moja, na nikajivuna. Siku moja nilimwambia mzee mmoja wa kanisa, "Mama mkwe wangu ni mwanamke wa adabu sana. Hapiti mbele yangu kamwe." Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema, "Umebarikiwa, mwinjilisti." Nikaamini nimebarikiwa.

Kiangazi kikaingia. Mavuno yalikuwa haba, na shemeji zangu wakaleta habari kwamba ujenzi utasogea mbele kidogo. Visima vya karibu vikakauka, na Raheli akawa anatoka alfajiri kwenda kuchota bondeni, kwenye mchanga wa mto, ambako wanawake walichimba shimo na kusubiri maji yajikusanye. Alirudi na madumu mawili, mara nyingine moja na nusu. Siku moja nilitaka kunawa nikakuta madumu ni matupu, na jua lilikuwa bado halijafika utosini. Nikaita kutoka barazani, kwa sauti ambayo jirani wa tatu angeisikia, "Mama Neema, maji ya madumu mawili yamekwenda wapi tangu asubuhi?"

Raheli alijibu kwamba amefua nepi za mtoto. Nikasema haya, nikarudi kwenye kitabu. Kwangu maneno yale yaliisha papo hapo. Sikujua kwamba jikoni alikuwapo mtu aliyeyachukua akayaweka moyoni.

Tangu hapo, au labda tangu kabla yake, mama alianza kubadilika. Kwanza aliacha jembe. Alisema jua linamuuma kichwa. Kisha tukamwona anashika ukuta anapoinuka, anasimama kidogo macho ameyafumba, halafu ndipo anatembea. Akaomba fimbo. Mikono iliyokuwa ikipepeta ungo wa mtama bila kuchoka ikaanza kutetemeka, nafaka zikamwagika, akaudhika na nafsi yake. Tumbo likawa halipati choo siku tatu, siku nne. Alianza kusema jambo akalisahau katikati. Jumapili moja hakwenda ibadani, yeye aliyekuwa akifika kabla ya kengele. Alituma neno kwamba miguu yake imekuwa ya mtu mwingine.

Tulisema ni uzee. Neno hilo ni rahisi mno, mwanangu. Ukishalisema, huulizi kitu kingine. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa madhabahuni, nililivika nguo nzuri. Nilimfundisha Raheli kwamba kila kilicho hai hufika jioni yake, kwamba tumshukuru Mungu kwa kumpa mama miaka mingi. Yote hayo ni kweli. Lakini niliyasema mapema mno, kwa mtu asiyekuwa jioni bado.

Ndipo ikafika ile asubuhi niliyokuanzia. Raheli alitoka chumbani, kanga ameifunga vibaya, akaniambia, "Baba Neema, twende naye zahanati."

"Zahanati watamfanyia nini? Huu ni uzee, mama Neema. Tukimpakia kwenye mkokoteni na jua hili tutamtesa bure."

"Ameniita Eliza."

Eliza alikuwa dada yake mama, aliyefariki tangu Raheli hajazaliwa.

"Ndiyo maana nasema tumwache apumzike," nikamjibu. "Niwaandikie kaka zako waje wamwone akiwa bado anatutambua."

Raheli alinitazama. Hakubishana. Mara nyingi nimetamani angebisha. Nikaketi barazani pale pale, nikaandika barua fupi, nikaipeleka barabarani kwa kondakta wa basi la kwenda Singida mjini aipeleke kwa watu wa Iguguno. Niliandika kwa uangalifu mkubwa. Nilichagua maneno ya faraja.

Niliporudi nilikuta jirani yetu, Bi Mwajuma, ameingia uani kurudisha ungo. Bi Mwajuma alikuwa mkunga mstaafu, Mwislamu mshika dini, mjane, mwenye ulimi ambao hata mwenyekiti wa kitongoji aliuogopa. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipitia mikononi mwake, na aliwaita wote wajukuu, hata waliokwisha kuoa. Raheli alimchukua akamwingiza kwa mama. Wakakaa muda mrefu. Nilisikia sauti ya kijiko kikigonga kikombe, pole pole, kikaacha, kikarudia.

Alipotoka alikuja moja kwa moja barazani. Nilikuwa nimekwisha kuketi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Inuka hapo."

Nikainuka. Akaketi yeye kwenye kigoda changu, akajiweka sawa, akatazama mbele kama nilivyokuwa nikitazama mimi.

"Mwinjilisti, mtu akikaa hapa anaona nini?"

"Anaona ua, bibi. Na njia."

"Njia ya wapi?"

"Ya chooni."

"Na mama mkwe wako, huwa anapita saa ngapi?"

Nikageuka nikatazama mlango wa jikoni.

"Basi nikwambie mimi," akasema. "Anapita kabla hujaamka, na anapita ukishaingia ndani kulala. Katikati hapo hapiti. Na kwa kuwa hapiti, hanywi. Ameninong'oneza mwenyewe, kana kwamba anaungama wizi. Akinywa atabanwa, akibanwa itabidi apite hatua nne mbele ya mume wa binti yake, na hilo hawezi. Kwa hiyo anakunywa kikombe kimoja usiku, na uji akilazimishwa. Miezi mitatu, mwinjilisti."

"Sikujua, bibi. Nilidhani ni adabu."

"Ni adabu. Nani kasema si adabu? Lakini ulimi wake umekauka kama ngozi iliyowambwa juani. Na siku ile ulipouliza maji yamekwenda wapi, alisikia. Akasema moyoni, maji ya mwanangu anayoyatafuta kwenye mchanga, mimi mzee nitayamaliza kwa nini." Akanyoosha mguu, akalisugua goti. "Nimesikia umeandika barua."

"Ndiyo."

"Umewaita watu waje kumuaga mwanamke mwenye kiu."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu. Aliinuka, akaniambia nitafute punda, naye akarudi ndani kwa mgonjwa.

Tulimpeleka zahanati kwenye mkokoteni wa punda, mimi nikiongoza mnyama bila kugeuka nyuma, Raheli na Bi Mwajuma wakiwa wamemshikilia mama katikati yao chini ya mwavuli. Nesi alimpima malaria na presha, akamtazama macho na ulimi, akauliza mkojo wake una rangi gani. Nisamehe kwa kutaja, lakini lazima nitaje. Raheli alisema ni kama chai ya rangi iliyokolea. Nesi akatikisa kichwa, akamtundikia dripu, akatutaka tukae. Tulikaa mpaka alasiri. Mama alipoanza kuuliza yuko wapi na nani kabaki na Neema, Raheli alitoka nje akalia nyuma ya jengo. Mimi niliomba tena, lakini safari hii sikuwa na la kumweleza Mungu. Nilimwomba tu asinichukulie huyu mtu kwa sababu yangu.

Nesi yule, msichana mdogo kuliko mke wangu, alituketisha akatueleza jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema sehemu kubwa ya maji ya mwili hukaa kwenye nyama, zile tunazonyanyulia mzigo na kutembelea. Mtu akizeeka nyama hupungua, na wanawake tangu mwanzo wanazo kidogo kuliko wanaume, kwa hiyo ghala la maji linakuwa dogo. Kijana akikosa maji nusu siku anasumbuka akanywa, yakaisha. Mwanamke mzee akikosa kidogo tu kila siku, miguu inalegea, kichwa kinazunguka akisimama, akili inapotea njia. Na ubaya wenyewe, akasema, kiu ya mzee haisemi kwa sauti. Inachelewa kumwita. Anaweza kukwambia kwa dhati kabisa kwamba hana kiu, huku mwili wake umekwisha kukauka.

"Angechelewa siku mbili zaidi, mngempoteza," nesi akasema.

Tulirudi naye nyumbani kesho yake. Nami, kama vijana wote wanaotaka kulipa kosa kwa siku moja, nikakosea kwa upande wa pili. Niliamuru mama apewe jagi zima asubuhi, na jingine mchana, na Raheli asimamie mpaka amalize. Siku ya pili mama akatapika, tumbo limejaa, amechoka kuliko mwanzo. Bi Mwajuma alipopata habari alisimama katikati ya ua akashika kiuno.

"Huyu mwinjilisti bwana. Juzi alimnyima kama mfungwa, leo anamnywesha kama ng'ombe aliyeswagwa juani kutoka Itigi. Hakuna katikati kwenye dini yenu?"

"Ipo, bibi," nikasema.

"Basi itafute."

Ndiye aliyetuonyesha katikati. Kikombe kidogo mama akiamka, kabla hajainuka kitandani, akae kwanza ukingoni kidogo. Uji mwepesi. Kikombe kingine katikati ya asubuhi, kingine na chakula, mchuzi wa maharage, maziwa yakipatikana, tikiti maji wakati wake. Jioni sana apunguze ili asiamkeamke usiku. Na akasema maji peke yake hayatainua mtu aliyedhoofika miezi mitatu. Kila siku mama alitakiwa kuinuka kwenye kigoda na kuketi tena, mara tano, kisha mara kumi, kisha aende mpaka minyaani na kurudi. Mama aliuita mchezo wa watoto, lakini aliucheza.

Lakini yote hayo yasingedumu hata wiki moja kama njia ingebaki ile ile. Basi nikahamisha kigoda changu na vitabu vyangu, nikaenda kukaa ubavuni mwa nyumba, mbali na jikoni, juani. Halafu nikaazima mtaimbo. Kwa siku tisa nilipasua ule mwamba ulionishinda zamani. Nilikuta ufa upande wa jikoni nikaufuata, viganja vikatoka malengelenge yakapasuka. Nikachimba choo kingine pale, karibu na mlango wa jikoni, nikakizungushia mabua ya mtama, nikaweka kiti cha mbao chenye tundu ili mtu asihitaji kuchuchumaa, na pembeni nikasimika nguzo imara ya kushika wakati wa kuinuka. Kwa mtu mwenye magoti yaliyolegea, kuchuchumaa kwenye shimo ni hofu tosha ya kumfanya asinywe.

Palibaki tatizo moja. Mkwe hawezi kumchimbia mama mkwe choo na kumwambia, hiki hapa. Ingekuwa aibu kwake kubwa kuliko ile ya kwanza. Bi Mwajuma ndiye aliyelimaliza: tuseme choo ni cha Neema. Neema alikuwa hata hajaanza kutembea.

Siku nilipomaliza nilikuwa nikiosha mtaimbo, na mama alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Akasema kwa sauti iliyopanda kidogo, "Raheli, mwambie baba Neema amefanya vizuri kumtengenezea mtoto choo."

Raheli, aliyekuwa amesimama katikati yetu na mwiko mkononi, akaniambia, "Mama anasema umefanya vizuri kumtengenezea mtoto choo."

"Mwambie mama, mtoto atakua."

"Anasema mtoto atakua."

"Mwambie," mama akasema, "kiti chake ni kirefu kwa mtoto."

Raheli alianza kurudia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi niliinama juu ya mtaimbo wangu. Na ndani ya jikoni nikamsikia mama mkwe wangu akicheka, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze.

Nguvu hazikurudi kwa haraka. Wiki ya kwanza ilirudi akili, akaacha kutuita majina ya marehemu. Wiki ya tatu aliinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Wiki ya tano fimbo ilikuwa imeegemea ukutani na hakuna aliyejua tangu lini.

Ndipo shemeji zangu wakafika. Barua yangu ilikuwa imezunguka, ikakaa kwa mtu, ikawafikia imechelewa. Waliingia uani nguo nyeusi ziko kwenye mfuko, nyuso zimeshuka, na mkubwa wao alikuwa amekuja na mbuzi. Walimkuta mama yao amesimama na ungo, anapepeta mtama, makapi yanaruka.

Mkubwa akanigeukia. "Shemeji, si uliandika tuje tumwone akiwa bado anatutambua?"

Kabla sijajibu, mama akasema bila kugeuka, "Ninawatambua. Ni wale waliosema watajenga."

Walijenga. Mwezi ule ule walikwenda kufyatua matofali, na kabla mvua hazijaanza nyumba ya bati ilikuwa imesimama Iguguno. Siku ya kuondoka mama alikataa mkokoteni. Alitembea mpaka barabarani kwa miguu yake, mbele yetu sote, akapanda ngazi za basi bila kushikwa mkono. Hicho ndicho kilichokuwa hatarini, mwanangu, na mimi nilikuwa karibu kukizika nikiwa na kitabu mkononi: mwanamke aweze kwenda kwake kwa miguu yake.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sikuwahi kumwomba msamaha uso kwa uso. Desturi haikuniachia nafasi, na huenda nilijificha nyuma ya desturi. Miaka yake ya mwisho nilimtuma Raheli. Nilimwambia amwambie mama kwamba kwa miezi mitatu nilikaa njiani kwake, na sijaacha kujuta. Raheli alirudi na jibu. Mama alikuwa amesema, "Mwambie baba Neema nilijua tangu siku aliyohamisha kigoda." Tangu hapo nimelala vizuri.

Sasa mimi ni mzee. Raheli amepita umri aliokuwa nao mama yake wakati ule. Tukiwa na safari ya kwenda Singida mjini, nimemwona zaidi ya mara moja akimimina chai yake chini kabla ya kupanda gari, kwa sababu hajui kama kule tuendako kuna choo anachoweza kukitumia. Nikimuuliza anasema hana kiu. Simbishii. Ninauliza kwanza choo kiko wapi, nikishakijua ninamwambia, na chai inanyweka. Na bado nawatembelea wazee majumbani kuwapelekea meza ya Bwana. Hapo Unyambwa mwaka huu nimekuta bibi amelala, nyumba nzuri, bomba uani, wajukuu wanaompenda, na kila mtu ananiambia ni uzee. Niliomba nao. Kisha nikauliza bibi alikunywa nini tangu asubuhi, na nyumba nzima ikatazamana.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na nakuomba uishike. Ukimwona mama yako au bibi yako amelegea ghafla, anayumba akisimama, anachanganya maneno, usikimbilie kusema ni uzee. Mpeleke akaangaliwe, na wakati huo huo jiulize amekunywa nini, na ni kitu gani kinachomzuia kunywa. Mara nyingi hakitakuwa kukosa maji. Kitakuwa njia ya chooni, au magoti, au giza, au mkwe, au neno ulilolisema ukalisahau. Ondoa hicho kizuizi kimya kimya, bila kumvunjia heshima. Usingoje aseme ana kiu. Mpe kidogo kidogo kutwa nzima, kwa mkono wako, na ukae naye anapokunywa. Kama miguu yake imevimba, au ameambiwa ana ugonjwa wa moyo au figo, usimwongezee kwa akili yako. Muulize mganga wa hospitali kiasi chake, kwa maana maji yakizidi mahali pasipo pake nayo yanaangusha mtu. Mlishe, na umwinue atembee kila siku, hata kama ni mpaka kwenye ua na kurudi. Na ukiwa mtu wa maombi, omba. Lakini kabla ya kumkabidhi mtu kwa Mungu, hakikisha si wewe uliyekaa njiani kwake.

Mungu aliyenivumilia ujana wangu akuvumilie na wewe. Akupe macho ya kuona kile ambacho wazee wako wanakuficha kwa kukuhurumia. Akupe mikono isiyoona haya kuwahudumia, na akujalie uwaone mama zako wakiinuka wenyewe asubuhi, wakitembea kwa miguu yao, mpaka siku atakayowaita Yeye. Amina.